Kasualti Haendi Mtu Peke Yake

Aliyeipanga Kampala aliwaweka waganga vilimani akatuacha wagonjwa bondeni. Hesabu mwenyewe kwa vidole. Mulago ni kilima, na hospitali iko juu yake. Rubaga kilima, Nsambya kilima, Kibuli kilima, Nakasero kilima. Mengo, pale Dakta Albert Cook alipofungua hospitali mwaka 1897, iko ubavuni mwa kilima cha Namirembe. Hata Wachina walipotujengea hospitali ya urafiki, ikafunguliwa mwaka 2012, iliwekwa Naguru, na Naguru nako ni kupanda. Wenye dini ndio walioanza mtindo huu. Kila dhehebu lilijipatia mlima wake, likajenga nyumba ya ibada kileleni, likafuatishia shule, kisha hospitali, ili upepo safi uwafikie Mungu, mwanafunzi na mgonjwa kwa zamu. Ukishawamaliza hao, upepo huo huo, umechoka, ndio unateremka kwetu Nakivubo.

Nakivubo ndiko vilima vinakomwagia maji yao, na mfereji wetu ukijaa humrudishia kila mtu alichotupa. Kuna soko la Owino, ambalo kwenye karatasi linaitwa la Mtakatifu Balikuddembe lakini sijamsikia konda akiliita hivyo. Kuna Kikuubo, kichochoro ambacho bidhaa za nusu ya nchi hupita juu ya mgongo wa mtu. Kuna uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1926, ukavunjwa, ukajengwa upya, ukafunguliwa tena 2024 ukiwa umevishwa maduka pande zote, hata mtu anaweza kujaribu suruali asijue kwamba nyuma ya ukuta inapigwa kona. Ongeza bodaboda, matoroli, marobota ya mitumba yanayoshushwa kutoka juu ya lori, na nyaya za umeme zinazoning'inia usawa wa sikio. Kila cha kumuumiza binadamu kipo hapa, kwa bei ya jumla. Cha kumtibu kiko huko juu.

Mimi nilipandishwa kwa sababu ya mwiba wa ngege.

Cheka tu, wengine wote wamekwisha cheka. Mwiba wa samaki ni maradhi yasiyo na heshima. Ukisema moyo unakubana, watu wanakupisha kiti. Ukisema mwiba, wanakuuliza ulimnunua samaki shilingi ngapi. Na kila aliyepata kula samaki ni bingwa wa koo. Fundi viatu wa jirani alitaka kunipiga mgongoni kwa ubao wake wa kazi. Muuza maji alishauri nimeze ndizi bila kutafuna. Mama wa chakula, ambaye alikuwa na jina la kibanda chake la kulinda, alinisukumia kinywani tonge la posho kavu na kunishika kidevu mpaka likashuka. Mwiba nao ukashuka kidogo, ukapata mahali papya pazuri zaidi, ukakaza. Sauti ikanikauka. Mtu ninayeishi kwa kulalamika, nikabaki na mikono.

Hajati wa vitenge, jirani yangu wa kibanda, hafungi duka kwa msiba, kwa maandamano wala kwa mafuriko. Siku ile alifunga. "Koo halichezewi, Mzee," akasema. "Tunapanda." Nilimwashiria kwamba naweza kwenda peke yangu, abaki na wateja wake. Akanitazama usoni, hakujibu.

Ambulensi hatukuihangaikia. Hata ingekuja, ingeingia kati ya kituo kikuu cha taksi na malori ya Kikuubo ikaozea hapo na king'ora chake. Umati wa Nakivubo haumpishi mgonjwa, maana mgonjwa hasukumi. Anayepishwa ni mpagazi mwenye robota kichwani anayepiga kelele "Fasi! Fasi!", kwa kuwa asipopishwa atakupitia. Hajati akamlipa mpagazi mmoja atutangulie na mzigo wake mpaka barabarani. Bahari ya watu ikafunguka. Tukafika kwenye boda, tukapakiwa, dereva mbele, mimi katikati, Hajati nyuma akinishika mabega nisiangukie upande wa kaburi.

Hospitali yenyewe siitaji. Ngege bado nala. Itoshe kusema ni moja ya zile za serikali, na iko juu.

Getini askari alituzuia, boda haziingii. Hajati akamfyatulia Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, lakini kwa miaka mingi Kiswahili hapa kilikuwa cha kambini, na mjini mpaka leo mtu akikisikia kikisemwa kwa ukali hutazama kwanza kama kuna bunduki. Yule askari alikaza mgongo, akafungua geti zima, akatuonyesha mlango wa kasualti kwa mkono ulionyooka. Hajati anauza vitenge.

Ndani, nesi hakuniuliza naumwa nini. Aliniuliza daftari langu liko wapi. Asiyekaa Uganda huenda hajui jambo hili: faili la mgonjwa ni daftari la shule unalonunua mwenyewe, la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Bila daftari huna maradhi. Tukarudi getini, ambako mama mmoja chini ya mwavuli aliuza madaftari, na kwa kuwa tulikuwa pale pale akatuuzia glavu, pamba, bomba la sindano, kaveera, yaani plastiki, la kulalia na chapati mbili. Nilimwashiria Hajati kwamba mimi nimekuja na mwiba tu. Mama akasema kwa upole: "Mzee, utarudi." Yule mama ndiye hospitali. Hiyo iliyo ndani ya uzio ni tawi lake.

Matibabu ni bure, msinielewe vibaya. Ada za vituo vya serikali zilifutwa Machi 2001, na watu walifurika mpaka madawa yakaanza kuwakimbia. Ubure huo bado upo. Daktari ni bure, kitanda kikipatikana ni bure, benchi ni bure kabisa. Ni vile tu kwamba daktari wa bure anahitaji glavu, na glavu zina kwao.

Nesi aliporidhika na daftari, alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu. Nilikuwa nimesimama, nimechomekea shati, napumua. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Akanipima presha, akahesabu mapigo, akaandika mstari mmoja, akasema nimo kwenye kijani. Kwetu tuliolelewa madrasa kijani ni rangi ya peponi, nikaona heri. Hajati akauliza kijani ni nani. Ni wa mwisho, akasema nesi, kaeni pale.

Pale palikuwa benchi, na kwenye benchi palikuwa na kijana anayesomea udaktari, amevaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, anayengoja mwalimu wake. Alinipa darasa zima kwa sababu moja: sikuweza kumkatiza. Akasema kupanga majeruhi kwa ukubwa wa jeraha, si kwa ukubwa wa cheo, ni kazi ya Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyebuni pia magari mepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi vitani. Akasema rangi nazo zilipangwa Cape Town mwaka 2004: nyekundu anaingia sasa hivi, chungwa baada yake, njano angoje kidogo, kijani akae, na bluu ni yule ambaye hana haraka tena. Akasema tiba ya dharura ni taaluma changa kwetu, kwamba Muhimbili ya Dar es Salaam ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na kwamba chuo kikuu cha Mbarara kilianza mwaka 2017 kufundisha madaktari mabingwa wa kazi hiyo. Kabla ya hapo, akasema, dharura ilikuwa ya yeyote aliyekutwa zamu. Nikataka kumwambia kwamba hata sasa naona bado ni ya yeyote aliyekutwa zamu. Nikaandika kwenye daftari. Akasoma, akacheka, akaitwa.

Nilibaki kutazama. Na ukiwa huna sauti unaona mengi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba bado uko kazini.

Nilichoona ni kwamba hospitali hii haikujengwa kwa ajili ya mgonjwa. Ilijengwa kwa ajili ya ukoo. Aliletwa kijana wa boda, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na nyuma yake wakaingia watu wa kwao, wamejipanga bila kuambiwa. Mmoja akashika machela, maana wa kuisukuma hakuwepo. Mmoja akakimbilia kwa mama wa mwavuli. Mmoja akasimama foleni ya maabara akiwa na kichupa cha damu mkononi, kimefungwa plasta yenye jina. Shangazi akatandika mkeka chini ya kitanda kabla kitanda hakijapatikana. Mwingine alikuwa na kazi moja tu, kushika kofia ngumu ya majeruhi ili isiibwe, kofia ambayo kwa jinsi ilivyong'aa haikuwahi kuvaliwa. Na mjomba mmoja mwenye koti alikuwa msemaji, anapita meza kwa meza akisema "Musawo, samahani, Musawo," yaani daktari, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa diwani. Yule kijana alipelekwa chumba cha ndani kabla vumbi la ajali halijatua. Alistahili, alikuwa mwekundu. Lakini kulikuwa na mwekundu mwingine pale ukutani, mzee aliyeshushwa na gari la polisi, peke yake, viatu vimewekwa tumboni mwake, na kila karatasi aliyoandikiwa ilibaki juu ya kifua chake ikingoja mtu wa kuichukua. Nesi akipita anaiinua, anauliza "Ndugu yake yuko wapi?", anairudisha.

Simlaumu nesi. Alikuwa mmoja, na chumba kilikuwa na watu wa kujaza taksi kadhaa. Kalamu alikuwa ameichomeka kwenye nywele, nyingine mfukoni, ya tatu kaazima kwangu na hakurudisha. Hakukaa. Nilimwona akinywa maji akitembea, akijaza fomu ukutani, akimkemea mtu na kumfunga bandeji mwingine kwa wakati mmoja. Ninaowalaumu ni wale waliofanya hesabu ya hospitali wakaandika: muuguzi mmoja, na ndugu kumi kwa kila mgonjwa, bure. Ndugu wamo kwenye bajeti. Hawakutajwa, lakini wamo. Wanafua, wanapika, wanabeba, wanashika dripu juu msumari unapokosekana, wanalala chini ya kitanda. Ukija bila wao umekuja na sehemu ndogo ya hospitali, sehemu inayouma.

Hajati aliliona hilo kabla yangu. Akamwendea yule mzee, akachukua karatasi kifuani mwake, akaenda nayo dirishani, akarudi na dawa, akamfungia viatu kwenye kaveera letu. Ndipo akakaa, akaomba daftari langu na kalamu ya mtu, na kwa kuwa kungoja bila kufanya biashara humtia homa, akaanza kuandika wadeni wake. Anawajua kwa mitaa: mama wa Katwe, mwalimu wa Ndejje, yule wa harusi. Pembeni ya kila jina tarakimu mbili na mstari kati yake.

Kijani tuliitwa jua likiwa limekwisha hamia madirisha ya upande wa pili. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu na adabu nyingi. Hakunitazama koo. Alinipeleka eksirei, ambayo ni jengo jingine, na jengo jingine kwa hospitali ya mlimani maana yake ni kupanda tena. Kule tulingoja nyuma ya yule wa mguu, ambaye kwa wakati huu ukoo wake ulikuwa umeongezeka na kuleta chupa ya chai. Wakatumiminia. Chai ya moto juu ya mwiba, sitaieleza. Tulipopata picha, daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akasema haoni kitu. Kisha akatufafanulia kwamba miiba mingi ya samaki haionekani kwenye eksirei, ni myembamba mno. Hajati akamuuliza swali ambalo mimi nilikuwa nikiliandika kwa herufi kubwa: kama haionekani, tumeifuatia nini huko juu?

Daktari akafungua daftari ili apate pa kuandikia jibu la adabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa nesi. Wa pili ulikuwa wangu, una maneno kuhusu idara ya dharura ambayo aliyasoma bila kubadilisha uso. Kwenye wa tatu akasimama.

"Hii presha imepimwa na nani?" akauliza. "Mia na ishirini kwa themanini. Nzuri sana kwa umri wake."

"Hiyo si yake," akasema Hajati. "Ni ya mama wa Katwe. Amelipa themanini, bado mia na ishirini."

"Na hii? Mia mbili na kumi kwa hamsini?"

"Huyo ni yule wa harusi."

"Huyo," akasema daktari, "mngemleta mapema."

Ndipo akaamua kunitazama koo. Taa ya ukutani ilikuwa na waya lakini haikuwa na balbu, basi akatoa simu, akawasha tochi, akagundua kwamba ana mikono miwili tu, mmoja wa kijiti cha kukandamiza ulimi na mwingine wa koleo. Akatafuta nesi kwa macho. Nesi alikuwa upande wa pili wa dunia. Akampa Hajati simu. Hajati akavaa glavu zilizobaki, ambazo mama wa mwavuli alituuzia kwa ubashiri, akasogea, akaelekeza mwanga kooni mwangu, na kuanzia hapo tulikuwa na matabibu wawili. "Kushoto," akasema. "Juu kidogo. Sio hapo, daktari, hicho ni kimeo. Nyuma yake." Mimi machozi yananitoka, mate yananitoka, heshima ilikwisha toka zamani. Koleo likaingia, likagusa, nikaruka, Hajati akanishika shingo kwa mkono wa bure kwa namna anavyoshika robota lisimponyoke. Likaingia tena.

Daktari akaweka kitu juu ya kipande cha gozi. Ilibidi tuiname. Kilikuwa kifupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chembamba, karibu uone ng'ambo yake, kimepinda kidogo upande wa ncha, na kina tone moja la damu yangu. Kilikuwa kimejichomeka kwenye tezi la koo, mahali ambapo miiba hupenda, akasema daktari, na pangeonekana tangu asubuhi. Ukoo wa yule wa mguu ukaja kushuhudia. Walipitishiana gozi. Mjomba mwenye koti akatikisa kichwa akanitazama kwa huruma ambayo haikuwa ya mwiba.

"Ndio hiki?" akauliza Hajati.

"Ndicho," nikasema. Sauti ilikuwa imerudi, ya mkwaruzo, lakini yangu. Nikavuta pumzi nianze. Nilikuwa na hotuba iliyokaa kifuani mchana kutwa, yenye Larrey ndani yake, na Cape Town, na eksirei. Daktari akaniwahi: nisiongee kwa siku mbili, koo limechubuka. Na nikikwamwa tena nisisukume kwa posho, mwiba hushuka au huzama, nije moja kwa moja. Akaandika dawa ya maumivu, ambayo dirisha la dawa halikuwa nayo. Mama wa mwavuli alikuwa nayo.

Tulitoka na ubishi mmoja, wa mwandiko, kwa kuwa mimi nilikatazwa kusema. Nilitaka daftari langu. Ndilo faili langu, wakinikuta sina watanianzisha upya. Hajati alitaka lake, lina fedha za watu. Nilimwashiria achane kurasa zake aondoke nazo. Akajaribu. Madaftari haya yamepigwa pini katikati, ukichana ukurasa wa mama wa Katwe unalegea ukurasa wa upande wa pili, na huko ndiko daktari alikoandika mwiba ulitolewa wapi na kwa koleo gani. Mwalimu wa Ndejje naye alikuwa ameshikana na dawa zangu. Hajati akalifunga daftari, akalitia ndani ya mkoba, chini ya sampuli za vitenge, akavuta zipu.

"Litakaa dukani," akasema. "Ukiumwa unakuja, unalichukua, na mimi nakuja nalo."

Akamsimamisha boda wa kuteremka, akaanza kupatana naye bei.